Uzi Nilioukata

Jumatatu, 11 Mei

Umeme umekatika saa nne asubuhi, umerudi saa tisa. Kaptula sita za shule nimezimaliza kwa cherehani ya mguu. Goti la kulia linauma. Yule dada wa gauni la kitenge karudi mara ya tatu, eti kiuno kinabana. Kiuno hakijabadilika, yeye ndiye aliyebadilika. Nimeachia inchi moja.

Alasiri kaja Daktari Anushi, yule mama Mwarmenia anayetibu wakimbizi wa Burundi wanaovukia Kagunga. Mfupi, mvi kichwani, umri wa hamsini na kitu. Namfahamu tangu Machi, maana mashuka ya wagonjwa wake nashona mimi. Alikaa Bukavu miaka saba kabla ya kuja huku, kwa hiyo Kiswahili chake ni cha Kongo kabisa, cha ng'ambo ya ziwa. Soko zima la Mwanga linampenda kwa ajili hiyo.

Leo hakuleta mashuka. Katoa kitambaa kwenye mfuko wa plastiki, kakilaza juu ya meza yangu. Panya wa Kagunga wametafuna kona moja. Kaniuliza kama nitaweza. Nimemwambia fundi Mwamini hajawahi kushindwa na panya.

Kitambaa chenyewe ni kitani cha zamani, ukubwa wa foronya, kimegeuka rangi ya chai ya maziwa. Kina nyota nne za kutarizi, nyuzi rangi ya mawese yaliyokaa sana chupani. Nyota moja tu nimeitazama robo saa. Uzi unapita juu ya mwenzake, unaingia chini ya mwingine, unarudi, huoni ulipoanzia. Nina miaka ishirini na mbili kwenye cherehani na sijawahi kuona kitu hicho. Nimekigeuza. Nyuma hakuna kitu. Vidoti tu, kama ufuta uliomwagika. Na vifundo vitatu, vikubwa, vibaya. Mtu anafanya kazi safi vile mbele, halafu nyuma anafunga fundo kama anafunga mbuzi. Imeniudhi.

Alipoondoka nimeanza kwa kukisafisha. Kwenye nyota ya nne kulikuwa na uzi unaning'inia, shubiri nzima. Nimeukata. Kesho naanza kona.

Jumatano, 13 Mei

Siku mbaya. Niandike taratibu.

Asubuhi nimemaliza kona. Nimetafuta kitani kwa Wahindi wote, nikapata kipande, nikakichovya kwenye chai ya rangi mpaka kikafanana. Kiraka huwezi kukiona. Nilijisifu peke yangu dukani.

Jioni Daktari kaja nyumbani Gungu kuangalia magoti ya Mama. Mama akimwona huyu mwanamke anasahau maumivu yote. Mama alivushwa ziwa akiwa mtoto wa miaka mitano, mgongoni kwa mama yake, kutoka Baraka. Leo ana zaidi ya sitini na bado milima ya Kongo ikionekana vizuri anasema "kwetu leo kumetakata". Basi akisikia Daktari anasema "aksanti", na vitu anaviita "bintu", anacheka kama msichana. Wamekula samaki wa migebuka na ugali wa muhogo. Mimi nikauliza tu, kwa kupitisha muda, kile kitambaa ni cha nani.

Katueleza. Kwao kwa asili ni mji unaoitwa Marash. Siku hizi uko Uturuki. Wanawake wa Kiarmenia wa mji ule walijulikana kwa mshono huo. Nyota ya kwanza aliishona mama aliyemzaa mama wa bibi yake. Ya pili, mama wa bibi. Miaka mia iliyopita Waarmenia walifukuzwa makwao, waliouawa wakauawa, waliobaki wakatembezwa kwa miguu kuelekea jangwa la Syria. Mama wa bibi yake akafia njiani. Bibi alikuwa na miaka kumi, akafika mji wa Aleppo peke yake, akiwa amejifunga kitambaa tumboni chini ya nguo. Akakulia kituo cha yatima. Nyota ya tatu ni yake. Ya nne ni ya mama yake Daktari. Mama huyo kafariki katika vita hivi vya Syria vya juzijuzi, na nyumba ya Aleppo imeanguka. Nimemuuliza kwa nini anatembea na kitu kama hicho mpaka Kagunga kwenye mahema. Kasema nyumba zote alizowahi kuziamini zimeanguka, begi halijaanguka.

Kila mwanamke nyota moja. Mwisho wa nyota yake anaacha uzi, hakati, ili anayefuata aanzie pale pale. Daktari yeye hakujifunza. Alikuwa na vitabu vyake. Mama yake alimwambia utajifunza tu, na yeye akasema tutaona mwaka ujao, mpaka miaka ikaisha. Sasa binti yake yuko Yerevan na ana mimba. Mtoto akitimiza siku arobaini hufunikwa kitambaa hicho. Arobaini, kama sisi.

Halafu akasema hivi, nakumbuka kila neno: "Ile uzi hatukate, Fundi. Iko ya mtu anakuja."

Nimesimama nikasema naenda kuongeza maji ya chai. Jikoni nimemwaga maji nje ya birika. Nimeukata uzi wa marehemu mama yake. Kwa mkasi wangu mpya. Nimerudi na chai na sikusema kitu.

Alhamisi, 14 Mei

Nimeshindwa kula.

Fundi yeyote wa Mwanga angeukata. Ndivyo tulivyofundishwa, kazi inatoka mkononi ikiwa haina uzi unaoning'inia. Bosi wangu wa kwanza alikuwa ananichapa vidole kwa futi kwa ajili ya uzi mmoja. Hilo nimejiambia mara ishirini leo. Halisaidii.

Dukani nimepiga magoti nikapekua chini ya meza, nyuma ya cherehani, ndani ya droo. Halafu nikakumbuka. Mabaki yote ya vitambaa naweka kwenye gunia, na kila Jumanne Bi Tatu anakuja kulichukua. Anajazia mito, anauza. Jumanne ilikuwa juzi.

Ijumaa, 15 Mei

Nimefunga duka saa tano, nimepanda bodaboda mpaka kwa Bi Tatu. Nimemwambia kuna kipande cha mteja kimeingia kwenye gunia kwa bahati mbaya. Kipande gani? Uzi. Uzi gani? Uzi mwekundu. Kaniangalia kama nimepandwa na malaria. Gunia langu tayari limeshakuwa mito mitatu.

Nimeinunua yote mitatu. Nimeifumua uani kwake, mbele ya kuku na watoto wa jirani. Mto wa kwanza: mabaki ya sare, vipande vya kitenge, kifungo kimoja. Wa pili: vivyo hivyo. Bi Tatu kakaa kwenye mkeka anapepeta mchele na kunisimanga, "Mwamini, kama ni dhahabu sema tugawane." Wa tatu, karibu na mwisho, uzi ulikuwa umejiviringisha kwenye kipande cha gauni la yule dada wa kiuno. Rangi ya mawese. Shubiri moja.

Nimelia pale pale uani. Bi Tatu akaacha kunitania, akaniletea maji.

Uzi nimeuweka kwenye kopo la maziwa, nikalifunika.

Jumapili, 17 Mei

Daktari kaondoka kwa boti kwenda Kagunga. Watu wamejaa ufukweni kule, wanalala kwenye mchanga, na kuna kipindupindu. Kapita dukani kuaga. Kitambaa kaniachia, kasema kwangu ni pakavu na hakuna panya. Ningeweza kusema wakati ule. Kopo lilikuwa nyuma yangu kwenye rafu. Nimesema "safari njema, Daktari."

Mimi ni mwoga. Sikujua.

Nimefikiria kuunga bila yeye kujua. Nimejaribu kwa uzi mwingine kwanza. Gundi inaacha doa. Ukisokota ncha mbili, zinaachia. Fundo litaonekana, na mimi fundo silitaki hata kwenye kitambaa cha kudekia. Nimeangalia tena vile vifundo vitatu nyuma na nimevichukia zaidi.

Jumatano, 20 Mei

Nimepeleka mashuka arobaini bandarini. Meli kongwe ilikuwa imefika na watu kutoka Kagunga. Walishuka kimya. Sijazoea watu wengi kiasi kile wakiwa kimya. Mama mmoja kashika kifuniko cha sufuria, hana sufuria. Nimemsalimia kwa Kirundi, "Amahoro." Kaitikia. Kaniambia maharage yalikuwa motoni walipokimbia, alikuwa ameshika kifuniko ili akoroge, na hakujua kuwa bado anacho mpaka walipofika ziwani. Sasa hataki kukitupa. Nimempa kanga niliyokuwa nimejitanda. Sikuona kitu kingine cha kumpa.

Kijana anayeshusha mizigo kasema mzungu mmoja wa kike kalazwa kule kwenye hema, ana dripu. Nimemuuliza mfupi, mwenye mvi? Kasema hakumwangalia nywele.

Nimepiga simu mara tisa. Haipatikani. Kagunga mtandao ni wa kubahatisha.

Ijumaa, 22 Mei

Hakuna habari. Nimekosea mkono wa shati la mwalimu mkuu, nimeuweka kinyume. Kwa mara ya kwanza tangu niwe fundi.

Jumamosi, 23 Mei

Mama kajua. Alikuwa anatafuta sukari, akafungua lile kopo, maana nilikuwa nimelihamishia nyumbani. Akanitolea uzi mbele ya uso, hakuuliza. Nimemwambia yote, mpaka mito.

Nilitegemea anisute. Kakaa muda mrefu akiuzungusha uzi kwenye kidole. Kisha kasema, "Weye hukuukata kwa ubaya. Lakini unaukata kila siku kwa kunyamaza."

Kaniuma. Ni kweli tupu na imeniuma. Nimemjibu vibaya, nimesema yeye mwenyewe hajanifundisha hata neno moja la Kibembe, lugha ya mama yake, nami sasa nina miaka arobaini na tatu na ninaongea na makaburi yetu kwa Kiswahili. Nimetoka nje kufua, na nguo zilikuwa safi.

Jumapili, 24 Mei

Nimemwomba Mama radhi. Kasema alikataa kunifundisha kwa sababu enzi zile ukiongea Kibembe sokoni watu walikuuliza utarudi lini kwenu. Alitaka niwe mtu wa hapa. Sikuwahi kujua. Tumemenya mihogo pamoja, na ilikuwa sawa.

Jumatatu, 25 Mei

Nimeamua. Kama siwezi kurudisha uzi, nitajifunza mshono. Angalau nyota ya tano iwe na mtu wa kuifundisha. Lakini waliokuwa wakiujua kwao wamekufa wote, na kitambaa hakisemi.

Kutwa nzima nimekitazama kwa kioo cha kukuzia cha fundi saa jirani. Nimejaribu kwenye kipande cha jamvi la gunia. Kila nikipitisha sindano, inachoma uzi mwingine, inagawanya, inakuwa takataka. Na nyuma yangu kunajaa nyuzi, wakati nyuma ya kwao kuna vidoti tu. Uzi wote ule wa mbele, nyuma unapitia wapi? Nimetupa jamvi chini. Nimelikanyaga pia, niseme ukweli.

Jumanne, 26 Mei

Nimepata!

Asubuhi Mama alikuwa barazani anasuka ukili wa mkeka. Juu, chini, juu, chini. Mkono hauangalii hata. Nimekaa nikamwangalia na chai ikapoa. Mkeka hauna nyuma ya kuchoma. Majani yanashikana yenyewe.

Nimekimbia dukani sijachana nywele. Ni safari mbili. Safari ya kwanza sindano inachoma kitambaa kidogo tu na kutandika nyuzi, kama kujenga fremu ya kitanda. Hapo ndipo vinapotoka vidoti vya nyuma. Safari ya pili hairudi kwenye kitambaa kabisa. Inasuka juu ya zile zilizotandikwa, juu, chini, juu, chini. Na ili isichome nimegeuza sindano, nimetanguliza tundu badala ya ncha. Ikateleza yenyewe.

Nyota yangu ya kwanza inafanana na kaa aliyekanyagwa. Ya sita ni nyota. Ya saba nimemwonyesha Mama, akaigeuza nyuma kwanza, kama mimi. Ndiye aliyenizaa.

Jumatano, 27 Mei

Daktari yuko hai. Karudi na boti ya asubuhi. Amekonda, macho yameingia ndani. Ni kweli ndiye aliyekuwa kwenye dripu, siku nne. Kaingia dukani anatembea polepole, nimemkumbatia kabla sijafikiria. Ananuka dawa.

Binti yake kajifungua juzi, kabla ya wakati. Mtoto wa kike. Mdogo, lakini ananyonya vizuri. Daktari anaondoka Jumamosi kwa ndege, anapeleka kitambaa.

Wateja walikuwa watatu dukani. Nimejiambia siwezi kusema mbele za watu. Wateja wakaondoka. Bado sikusema. Kakishika kitambaa, kasifu kona, hakukifungua chote. Kesho anakuja nyumbani kula na Mama kwa mara ya mwisho. Kesho.

Alhamisi, 28 Mei

Nimesema.

Nilikuwa nimepanga maneno tangu alfajiri, yote yakapotea. Mama alikuwa bado anamimina chai. Nimeweka kopo la maziwa mezani, nimelifungua, nimesema, "Daktari, uzi wa mama yako niliukata mimi siku ya kwanza. Nilidhani ni uchafu." Basi. Mama akaacha kumimina.

Daktari katoa uzi. Kaunyoosha kwenye goti lake. Nilitamani anitukane, kwa Kiarmenia, kwa lugha yoyote. Chozi likamtoka, moja, akalifuta kwa kiganja. Nikasema nilinunua mito mitatu kuutafuta. Sijui kwa nini nilisema hilo. Akanitazama. "Mito?" Nikamweleza Bi Tatu, na kuku, na kile kipande cha gauni. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, maana bado ni mdhaifu.

Kisha akakunjua kitambaa, akakigeuza. Akaweka kidole kwenye kifundo cha kwanza, kile kibaya kuliko vyote.

Hicho, akasema, ni cha jangwani. Mama wa bibi alipokufa, uzi ulikuwa umekatika mikononi mwake na nyota ilikuwa nusu. Bibi, miaka kumi, akachomoa uzi kwenye kilemba cha mama yake kabla ya kumwacha pale mchangani. Akaunga. Mtoto hajui kufunga fundo zuri.

Cha pili ni kituo cha yatima. Walichemsha nguo zote za watoto kwa ajili ya chawa, kitambaa nacho kikachemshwa, uzi ukakatika. Bibi akaunga.

Cha tatu akakigusa na kutabasamu. "Hii ni miye." Alikuwa na miaka sita. Alikuwa anacheza udaktari, akapasua tumbo la mwanasesere kwa mkasi wa mama yake, na uzi ulikuwa karibu. Mama yake alimpiga kofi moja, akaketi, akaunga, na baadaye akawa anawasimulia wageni wote.

Nilivitazama vile vifundo. Mimi, Mwamini, niliyesema mtu kafunga mbuzi. Niliona aibu mpaka masikioni.

Nimeleta sindano na kibuyu changu cha nyuzi. Nikataka kuunga mimi. Daktari akaniambia nipishe. Akashika ncha mbili kwa kucha, akazungusha mara mbili upande huu, mara moja upande ule, akavuta. Ndivyo anavyofunga watu anapowashona. Fundo dogo kuliko punje ya mtama. Niliona wivu, wa kifundi.

Cha nne.

Ijumaa, 29 Mei

Nimefunga duka siku nzima. Kibao nimeandika "msiba" maana sikujua niandike nini, na watu watatu wamekuja kunipa pole. Nitawaeleza.

Nimemfundisha Daktari Anushi mshono wa mama yake. Barazani, Gungu, kwenye mkeka wa Mama. Ni mwanafunzi mbaya sana. Vidole vyake vinajua kushona ngozi, na kwenye kitani anavuta mno. Nimemwambia hapa hakuna damu ya kuzuia, legeza. Amegeuza sindano, tundu mbele, akapitisha juu, chini. Mara ya kwanza ilipoteleza bila kuchoma, akaacha mdomo wazi. Akasema aliwahi kumwona mama yake anashika sindano hivyo, kinyume, akadhani macho ya uzee.

Mchana uzi ukaisha. Shubiri haifiki nyota nzima. Mimi nikanyoosha mkono kuchukua uzi wa dukani, mwekundu, unang'aa kama wa harusi. Mama kasema hapana. Kaingia ndani, kakaa. Karudi na mbeleko.

Ile mbeleko naijua tangu nipate akili. Inakaa chini kabisa ya sanduku, imetoboka, buluu imebaki ya kukisia. Ndiyo aliyobebwa nayo kuvuka ziwa. Hakuwahi kuturuhusu kuigusa. Sisi alipotuzaa alitubeba kwa kanga nyingine. Leo ameketi nayo mapajani, ametafuta pindo kwa kidole gumba, akachomoa uzi mmoja. Halafu mwingine, maana mmoja ni dhaifu. Akamwambia Daktari, "Mwanangu, huu nao ulivuka."

Daktari hakuweza kushona kwa muda. Wala mimi kuona sindano.

Nimezisokota nyuzi mbili pamoja, nikazipitisha kwenye mshumaa zisikatike. Daktari akafunga fundo la tano. Akaendelea kutoka alipoishia, mawese yakawa buluu. Jua lilipoanza kushuka nyota ilikuwa nusu tu. Kasema nusu nyingine ataimalizia kwao, mtoto akiwa amelala karibu. Nimempa sindano zangu tatu nzuri na kipande cha jamvi chenye nyota yangu ya saba, ili akisahau aangalie.

Mama kamfundisha salamu ya Kibembe. Kairudia vizuri kuliko mimi.

Jumamosi, 30 Mei

Kaondoka. Uwanja wa ndege hatukwenda, Mama hapendi kuangalia watu wakiondoka. Tumesikia ndege ikipita juu ya nyumba wakati tunaosha vyombo.

Jumapili, 5 Julai

Mwezi wa Ramadhani, na msimu wa Idi umenishika koo. Magauni ya watoto yamejaa mpaka juu ya kabati. Nimeshona tangu asubuhi, na swaumu, na goti. Mama ananifundisha maneno matano ya Kibembe kwa siku, nayasahau manne. Anasema anatosheka na moja.

Baada ya futari simu imelia. Picha kutoka Yerevan. Jana mtoto ametimiza arobaini. Amelala, uso mdogo, umekunjamana, ana hasira kidogo. Kitambaa kiko juu yake mpaka kidevuni. Nimeikuza picha. Kona yangu haionekani, nimeridhika. Nyota ya tano imekwisha. Imepinda. Mkono mmoja wa nyota ni mrefu kuliko mingine, na kwenye makutano amevuta mno kama nilivyomkataza. Nusu mawese, nusu buluu. Na pembeni uzi wa buluu unaning'inia, shubiri nzima, umelala juu ya shingo ya mtoto.

Nimemwandikia neno moja: Usikate.

Jibu limekuja haraka. "Sikate, Fundi."

Nimempelekea Mama simu barazani. Kaiweka mbali na macho, kisha karibu. Kauliza mtoto anaitwa nani. Nimemwambia sijui, nitauliza kesho. Kaendelea kuishika simu mpaka taa yake ikazima, nami nikarudi ndani kwenye magauni. Yamebaki kumi na moja, na kila moja lina nyuzi za kukata.